Uliza Ujibiwe: Fuata mto, ziwa utalikuta

Barua za safari hii karibu zote zimeenda upande mmoja, zile ziara za kuongozwa kwenda nyika ya ndani ya Australia kuona mafuriko ya jangwani, maua na ndege. Wengi wenu mko hukohuko, Adelaide, Melbourne, Perth, Brisbane, mnasoma au mnafanya kazi, likizo ikikaribia mnaona mapicha ya ziwa la pinki na makundi ya mwari mnaanza kuwashwa miguu. Zilizofanana nimeziunganisha, na nimekata pale mtu aliponisimulia mpaka alivyoachana na mchumba (pole dada, hilo nimelipeleka ukurasa wa mapenzi).

Shikamoo anti. Niko Adelaide nasoma, tupo wanne. Tumesikia Lake Eyre limejaa maji na tunataka twende Pasaka na kampuni ya utalii tukaone mafuriko. Rafiki mmoja anasema tutakuta chumvi tupu, kampuni inasema maji yapo. Nani mkweli? – Mwanafunzi, Adelaide

Marahaba mwanangu. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndo watu wanapoliwa hela.

Hilo ziwa tangu 2012 jina lake rasmi ni Kati Thanda–Lake Eyre, Kati Thanda ni jina la Waarabana, wenyeji wenye ardhi yao pale. Sehemu yake ya chini kabisa iko kama mita 15 chini ya usawa wa bahari, Australia nzima hakuna bonde kushinda hilo. Sasa we chukua sinia kubwa, eneo la karibu kilomita za mraba milioni 1.2, yaani moja ya sita ya bara lote, mito yote iliyomo kwenye hilo sinia inateremkia katikati, hakuna unaoenda baharini. Ila hapo katikati penyewe mvua hakuna, ya mwaka mzima haifiki milimita 150 wakati jua lina uwezo wa kukausha zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka, kwa hiyo maji mengi unayoyaona ziwani ni mageni, yamenyesha jimbo la Queensland, magharibi huko, kwenye msimu wao wa mvua, Januari mpaka Machi hivi, yakaingia mito ya Georgina na Diamantina, yakapita kamji ka Birdsville, yakajisambaza kwenye kinamasi cha Goyder Lagoon, yakashika mto Warburton ndo yakaingia ziwani kwa upande wa kaskazini. Ni kilomita mia nyingi, na ardhi iko bapa kama meza, maji hayakimbii yanatambaa, yanagawanyika kwenye vijito mamia kwa mamia, mchanga unakunywa, jua linakunywa, miti inakunywa. Yanatumia wiki na wiki, na miaka mingine hayafiki kabisa.

Wazoefu wana hesabu yao ya mkono, kwamba maji ya kina cha mita moja na nusu huja kama kila miaka mitatu, ya mita nne kila miaka kumi, na kujaa kabisa ni mara chache kwa karne. Miaka inayotajwa sana ni 1950, 1974 na 1984, na hiyo 1974 ndo baba lao, kina kilifika kama mita 6. Mwaka 2025 mwishoni mwa Machi Queensland magharibi ilipata mafuriko yaliyovuka hata alama za 1974 sehemu kadhaa, wafugaji wakapoteza mifugo zaidi ya laki moja, fensi zikaenda, watu wakahamishwa kwa helikopta. Ziwani maji yake yakaanza kufika Mei. Umeona hiyo tofauti? Mvua Machi, ziwa Mei. Na naomba ulikumbuke hilo ukiwa kwenye ndege unapiga picha, kuna familia huko juu ya mto uzuri huo uliwapita sebuleni.

Halafu kuna hili la ukubwa. Ziwa lina sehemu mbili, kaskazini na kusini, na hiyo ya kaskazini peke yake ina urefu wa kilomita 144 na upana 77. Maji yakija kidogo yanakimbilia mashimo yake ya kusini, Belt Bay na Madigan Gulf, kwa hiyo unaweza kusimama ufukweni, maji yapo kweli, ila yako nyuma ya upeo wa macho, wewe unaona chumvi nyeupe mpaka mbinguni. Mi mwenyewe nilishapigwa hivo. Nililipa ziara ya siku tano ya basi, bango lao lina mwari wametanda kama karatasi, tukala vumbi siku mbili na nusu, tukafika tukashushwa, mbele yetu cheupe tupu na kunguru mmoja. Mwongozaji akasema "maji yako kule". Kule wapi? Picha ya bango nikaja kujua ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Kampuni siitaji, ila toka siku hiyo nina msemo wangu, fuata mto usifuate ziwa.

Maana yake ni nini. Kabla hujalipa ulizia maji yako wapi wiki hii, sio mwaka huu. Yako Birdsville? Yamepita Goyder Lagoon? Yameingia Warburton? Kampuni ya maana itakujibu papo hapo, tena na siku ya mwisho waliporuka juu yake, ile ya kubahatisha itakwambia "ziwa limejaa, njooni". Uliza pia wakikuta barabara imefungwa wana mpango gani, na hela inarudi au inageuzwa tarehe. Kwa Pasaka ningewashauri msiende, maji ya mwaka huohuo mara nyingi bado yako njiani na barabara za udongo zimekatika. Juni mpaka Agosti ndo penyewe, baridi, barabara zimekauka, na kama maji yalikuwa ya kuja yameshakuja.

Ndege au gari? Hela yangu inatosha kimoja tu. – Nesi, Brisbane

Ndege kama shida yako ni mafuriko, gari kama shida yako ni maua na ndege wa manyoya.

Yale mafuriko chini hayaonekani dada yangu. Ukiwa chini unaona dimbwi na miti, basi. Ukiwa juu ndo unaona ile ramani ya mishipa, vijito vinasukana kijani kwenye udongo mwekundu, halafu matuta ya mchanga yamelala sambamba na maji yameingia katikati yake kama mtu kamwaga chai kwenye mkeka. Na zile rangi, pinki na machungwa, kazi ya vijimea vidogo sana vya maji chumvi, kutoka ufukweni huwezi kuziona.

Vindege vidogo vinaruka kutoka William Creek, Marree, Birdsville na Coober Pedy. William Creek ni kijiji cha watu wa kuhesabu vidole, kimezungukwa na Anna Creek, ranchi ya ng'ombe inayosifiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Ukirukia Marree rubani anaweza kukupitisha juu ya yule mtu mkubwa aliyechorwa ardhini, alionekana mara ya kwanza 1998 na mpaka leo hakuna aliyethibitika kuwa ndo mchoraji. Omba ndege yenye mabawa juu ya madirisha ili bawa lisikuzibe, na kiti cha dirishani kwa kila abiria, waahidi kabisa. Ruka asubuhi. Mchana joto linanyanyua hewa, kile kindege kinarushwarushwa kama daladala kwenye makorongo, sasa na chai uliyokunywa... Begi liwe laini na dogo, uzito wanapima kweli, na wewe pia wanakupima usichukie. Bei ni mamia ya dola kwa kiti kimoja kwa saa moja au mbili, hapo hakuna punguzo la kujuana.

Zile ziara za ndege za siku kadhaa kutoka miji mikubwa, mnalala Birdsville, mnapita kijiji cha Innamincka, mnamalizia ziwani, ndo nzuri kuliko zote kwa mtu wa kufuata mto maana mnayaona maji toka yanapotoka mpaka yanapokwisha. Ila ni za mtu aliyejipanga.

Mimi ni mpenzi wa ndege (hawa wa manyoya). Nina darubini, nina siku kumi, nimesikia mwari wanakuja wenyewe jangwani bila kuambiwa. Nielekezwe niende wapi na nitegemee nini. – Kaka wa darubini, Melbourne

Kaka wewe ndo nilikuwa nakusubiri.

Mwari wanakuja kweli, maelfu, toka pwani mamia ya kilomita, na wanajuaje kwamba maji yamefika katikati ya jangwa bado wataalam wanabishana. Wanafuata samaki. Mto ukifurika unabeba samaki wa aina kadhaa kushuka nao, na ziwani kuna kidagaa kimoja kinavumilia chumvi ajabu, wakikuta maji mapya wanazaliana kama wendawazimu. Mwari wanatafuta kisiwa, wanataga, yai linakaliwa kama mwezi mmoja na kidogo, mtoto anaruka kwenye miezi mitatu. Jumlisha hapo. Maji yakikauka mapema wazazi wanaondoka, makinda yanabaki. Ndo maana rubani mwenye akili harushi ndege chini juu ya koloni, mwari wakishtuka wakainuka, mayai na vifaranga vinabaki na jua na shakwe. Ukiona rubani anajisifu kwamba yeye atakushusha mpaka uwaone macho, huyo muache.

Ila mwari ni wa kila mtu. Mimi wangu wa moyoni ni yule mwembamba mweupe wa mabawa meusi, miguu mirefu ya pinki, kifuani ana mshipi wa kahawia, wanamwita stilti wa mshipi. Huyu anaishi pwani kwenye mabwawa ya chumvi miaka hata mingi hazai, anangoja. Mvua ikinyesha ndani huko, mayai ya vikamba vidogo vya maji chumvi yaliyolala kwenye udongo mkavu kwa miaka yanaanguliwa, maji yanakuwa supu, na huyu ndege kwa siku chache tu kashafika. Watafiti waliwafunga vifaa vya satelaiti, mmoja akakutwa kasafiri zaidi ya kilomita 2,000 kwa siku mbili tatu. Wanataga kwenye visiwa vilivyo wazi, maelfu kwa maelfu wamebanana, na shakwe wakigundua wanavamia wanakula vifaranga mpaka koloni zima linafutika. Serikali ya South Australia, jimbo lenye ziwa, ilishawahi kupunguza shakwe kwa makusudi ili hawa wapone.

Sasa wapi. Ziwani kwenyewe kwa mtu wa darubini ni umbali mtupu, utaona vidoa vyeupe urudi nyumbani. Hapa tena fuata mto. Nenda kwenye maji matamu, Coongie Lakes juu ya Innamincka, imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, tangu 1987, na mabwawa ya Cooper Creek, na Diamantina pale Birdsville. (Cooper wanasifiwa kwamba ndo mahali mito miwili, Thomson na Barcoo, inakutana inazaa kijito badala ya mto mkubwa, maana "creek" ni kijito. Kijito chenyewe kikifurika unaona upande wa pili kwa shida.) Hapo unapata bata wa masikio ya pinki mwenye mdomo kama mwiko, batamaji weusi, buabua, korongo wa kijivu wenye kichwa chekundu wanaocheza ngoma, mwewe weusi juu muda wote, na alfajiri kwenye dimbwi kasuku wadogo wa kijani, wale mnaowaona kwenye vizimba madukani, wanakuja wingu zima linageuka kwa pamoja, mara kijani mara halipo. Mabawa yao yanalia kama mvua kwenye bati. Mi nilisimama pale mdomo wazi nikasahau kamera iko shingoni.

Kwenye matuta ya mchanga omba mwongozaji akutafutie ndege mdogo wa Eyre anayejificha kwenye majani magumu mkia juu, huyu alipotea kwenye macho ya watu muda mrefu mpaka alipopatikana tena 1961. Na miaka baada ya mafuriko panya wa jangwani wanaongezeka mno, anafuata mwewe mmoja anayewinda usiku, macho mekundu, ukimpata huyo nitumie picha. Kasuku wa usiku usimuulizie, alionekana tena 2013 Queensland magharibi na walinzi wake hawataki wageni, na wako sawa.

Kwa siku zako kumi chagua ziara ya watu wachache ambayo mwongozaji ni mtu wa ndege mwenyewe. Ziara ya jumla itakuvunja moyo, wewe unataka kukaa saa mbili kwenye dimbwi moja, wenzio wanataka selfi na bia.

Maua je? Niko Perth na mke wangu anapenda maua, kila mtu ananipa mwezi tofauti. – Mume mwema, Perth

Kila mtu yuko sahihi kwa sababu Western Australia maua yanatembea kutoka kaskazini kwenda kusini. Yanaanza huko Pilbara Juni Julai, Murchison na maeneo ya Mullewa Julai mwishoni na Agosti, ukanda wa ngano Agosti Septemba, kusini kabisa mpaka Novemba. Kwa yale mazulia ya maua makavu kama karatasi, pinki, meupe, njano, mpeleke Agosti upande wa Mullewa na Morawa, na ukifika Pindar ulizia lile ua linaloota kwa umbo la shada, duara limelala chini kando ya barabara ya changarawe kama mtu kaliweka kwa maiti, katikati kijani pembeni waridi. Watu wanaendesha kilomita mia tano kuliona hilo tu.

Jangwani kwa Kati Thanda ni mchezo mwingine, kule hakuna kalenda, kuna mvua. Mbegu zimelala mchangani miaka, mvua ikinyesha vizuri baada ya wiki kadhaa matuta mekundu yanavaa meupe. Kuna ua kule linafanana kabisa na yai la kukaanga, jeupe pembeni njano katikati, na wenyeji wanaliita kwa jina la yai. Na mfalme wao ni njegere ya jangwani ya Sturt, nyekundu ya damu ina jicho jeusi limetuna katikati, nembo ya South Australia tangu 1961, inapenda kutambaa kandokando ya barabara kwenye changarawe. Yale mekundu ya kujaza mabonde yote ya milima ya Flinders, kaskazini ya Adelaide, ambayo watalii wanayapiga picha sana yanaitwa hopsi, ni magugu ya kuja kaka, sio ya pale, ila yanapendeza siwezi kusema uongo.

Mwambie mama asichume. Western Australia mimea yote ya asili inalindwa kisheria, bila leseni ni faini. Na mwambie dereva wa ziara asimame, ukiona ratiba ina vituo vya maua vya dakika kumi kumi hiyo sio ziara ya maua, ni basi.

Mama yangu ana miaka 71, anakuja kunitembelea, magoti yanamsumbua lakini kichwa kigumu, anataka aone jangwa lenye maji kabla hajarudi. Nimpeleke au nimdanganye na bustani? – Binti wa mama, Adelaide

Mpeleke mwanangu, mama akishataka umeshashindwa.

Chukua ziara ya basi inayolaza watu hotelini na kwenye mabweni yenye choo ndani, sio mahema, na uliza ngazi za basi ziko ngapi maana magoti yatapanda na kushuka mara kumi kwa siku. Kutoka Adelaide mpaka Marree ni karibu kilomita 700, wagawe siku mbili, mlale Flinders, apumzike. Jangwa la Julai usiku ni baridi la kuuma meno, linaweza kushuka mpaka sifuri, watu wanabeba kaptula kwa sababu wamesikia jangwa. Mbebee blanketi na soksi. Mchana inzi, mamilioni, wanataka macho na pua, ile neti ya kuvaa kichwani inachekesha mpaka siku utakayoikosa. Na baada ya mafuriko mbu ni wa kuchukulia siriasi, wanabeba magonjwa kama homa ya Ross River na mengine yanayofika kwenye ubongo, kwa hiyo mikono mirefu jioni na dawa ya kupaka. Dawa zake za kila siku abebe za kutosha na siku nne za ziada, mvua ikinyesha kidogo tu barabara inafungwa mnabaki mlipo. Kukitokea la kutokea kuna madaktari wanaokuja kwa ndege, wanafanya kazi hiyo nyikani tangu 1928.

Umeniandikia mama ni mtu wa swala, basi Marree atapapenda. Zamani mizigo ya nyika yote ilibebwa na ngamia, na wachunga ngamia walikuwa Waislamu, wanaitwa Waafghani ingawa wengi walitoka nchi ambazo leo ni Pakistan na India. Msikiti wao pale ni kati ya ya mwanzo Australia, mjini wamejenga mfano wake wa kuukumbuka, na mitende waliipanda wao. Hata treni ya Ghan, ile ya Adelaide kwenda Darwin, ndo ilipata jina kwao. Mama akikaa chini ya mtende pale na chupa yake ya chai utashangaa nani kachoka, yeye au wewe.

Nina fowili yangu nzuri tu. Kwa nini nimlipe mtu aniongoze wakati barabara ni moja na ramani ninayo kwenye simu? – Jembe, Sydney

Jembe, simu yako kule ni tochi. Ukitoka Marree mtandao unakufa na unaweza kwenda siku nzima.

Sikatazi mtu kujiendesha, barabara ya udongo ya Oodnadatta Track ikikauka hata magari ya kawaida yanapita, na Birdsville Track ya kilomita 517 watu wanaimaliza wakiimba. Ila mwaka wa maji sio mwaka wa kawaida. Barabara zinafungwa asubuhi zinafunguliwa jioni, ukipita kwenye bango la kufungwa ni faini kubwa na matairi yako yanachimba makorongo ambayo wenyeji watapita nayo miezi. Cooper ikivuka Birdsville Track unaenda kuzungukia kwenye kivuko kama kinafanya kazi, kama hakifanyi unageuza, kilomita zote zile. Jangwa la Simpson upande wa South Australia linafungwa kila mwaka 1 Desemba mpaka 15 Machi kwa sababu ya joto, na lazima uwe na pasi ya mbuga za jangwani.

Na nikuambie kisa kimoja sio kukutisha. Desemba 1998 mtalii wa kike kutoka Austria na mwenzake gari lilikwama kwenye mchanga pale Halligan Bay, ufukweni mwa ziwa. Maji ya kunywa yalikuwepo, tangi lilikuwa karibu. Wakaamua kutembea kwenda William Creek, zaidi ya kilomita 60, kwenye joto la Desemba. Mwenzake alirudi kwenye gari akapona, yeye akaendelea akafa njiani. Gari liliachwa pale likiwa zima. Kwa hiyo ukikwama kaa kwenye gari, gari linaonekana toka angani, mtu haonekani.

Kama roho inakuuma kulipa kuna njia ya katikati, ile misafara ambayo unaendesha gari lako mwenyewe nyuma ya mwongozaji, mna redio za upepo mnaongea, akikwama mmoja mnavutana, yeye ana simu ya satelaiti na anajua maji yamefika wapi. Mi naona kwa mtu wa mara ya kwanza hiyo ndo thamani ya hela. Ukijua kujiendesha mwaka unaofuata nenda mwenyewe.

Naweza kutembea juu ya chumvi nipige picha? Nimeona watu wengi mitandaoni wamepiga. – Mrembo wa picha, Gold Coast

Hapana mrembo. Hizo za zamani. Mpango mpya wa usimamizi wa ile mbuga umekataza watalii kutembea, kuogelea, kuendesha gari au kuingiza boti kwenye ziwa. Kwa Waarabana Kati Thanda ni patakatifu, mambo yao ya asili yamelala mle, walisema miaka wakasikilizwa. Kuna wazungu wa boti wamelalamika mpaka basi, mi siwaonei huruma. Unapigia picha ufukweni, chumvi inatokea nyuma yako vizuri tu.

Hata kabla ya sheria lile gamba la chumvi lilikuwa la kitapeli, juu gumu chini tope jeusi la kumeza goti. Mwaka 1964 Mwingereza mmoja wa mbio za magari, Donald Campbell, aliweka pale rekodi ya kasi ya gari, kilomita 648 na ushee kwa saa, lakini mwaka mmoja kabla alikuja na lile gari lake la ajabu mvua ikanyesha, uwanja wake ukageuka ziwa, akafungasha akarudi nyumbani.

Anti swali fupi, ni kweli linanuka? – Mwoga wa harufu, Canberra

Mwanzoni halinuki, maji mapya yananukia udongo. Mwishoni ndo linanuka. Jua likishakausha maji kwa miezi chumvi inapanda, samaki waliokuja na mto wanashindwa kuvumilia, wanakufa kwa mamilioni wanasukumwa na upepo ufukweni mstari mrefu wa fedha, na ukiwa upande unaopokea upepo utaisikia kabla hujashuka kwenye gari. Ila kama una roho ngumu nenda hapohapo mwishoni, uzibe pua na skafu, maana kwenye midomo ya mito ambako bado kuna maji kidogo mwari wote waliobaki wanajazana wanachota samaki kama wanachota kwenye ndoo, mpaka siku moja asubuhi unaamka hawapo.